Saruji Pale Maji Yanapofika: Mhadhara Kuhusu Kuta za Nyumba za Liboi



Nimeombwa nizungumzie vifaa vya ukuta kwa mtu mwenye kipato kidogo anayetaka kujenga. Nitazungumzia Liboi, mji wa Garissa ulio karibu na mpaka wa Somalia, na nimeuchagua kwa makusudi. Orodha za bei tunazoletewa, karibu zote, zimeandikwa kwa ajili ya mtu anayejenga karibu na Nairobi, Kitengela au Ruiru. Mtu huyo ana machimbo ya mawe jirani, viwanda vya saruji vya Athi River haviko mbali naye, na maji huyaagiza kwa simu yakaletwa na bauza. Mwambie mzee wa Liboi kwamba jiwe la kuchonga ndilo rahisi, atakutazama, kisha atakukaribisha chai.

Kutoka Nairobi hadi Garissa ni kilomita 370 hivi. Garissa hadi Dadaab ni 100 nyingine, na Dadaab hadi Liboi ni kama 80, mpaka wa Somalia ukiwa mbele kidogo tu na mji wa Dhobley ng'ambo yake. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unaofika Liboi umekwisha kupakuliwa na kupakiwa tena njiani, umepita kwenye mchanga unaozamisha magurudumu wakati wa kiangazi na tope linaloyakwamisha wakati wa mvua. Tangu majeshi ya Kenya yalipovuka mpaka Oktoba 2011, barabara za huku zimekuwa pia na mabomu ya kutegwa, na mwenye lori huitia hatari hiyo kwenye nauli. Kwa hiyo ukinunua mfuko mmoja Liboi umenunua saruji, dizeli, na moyo wa dereva. Ndiyo maana kila kifaa cha ukuta mimi hukiuliza kwanza: kiasi gani chako kitapanda lori? Bei ya dukani nitaiuliza baadaye.

Nyumba ya kwanza ya huku haikupanda lori, ilipanda ngamia. Aqal ya Kisomali, fito zake zilizopindwa na mikeka yake, hujengwa na wanawake, ni mali ya mke, na hubomolewa na kusimamishwa tena malisho yanapohama. Wako wanaoitazama aqal kama dalili ya umaskini, na mimi siwaungi mkono. Kwa joto la huku, nyumba inayopitisha upepo na isiyobaki na joto baada ya jua kuzama ni nyumba iliyofikiriwa. Udhaifu wake ni kwamba inataka familia inayohama na pori lenye miti ya kukata. Familia nyingi za Liboi leo hazihami tena. Watoto wako shuleni, duka liko barabarani. Na pori limechoka. Tangu mwaka 1991, Liboi ilipopokea wakimbizi wa vita vya Somalia kabla ya wengi wao kupelekwa kambi za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, kila mwenye nyumba na kila asiye na nyumba amekuwa akikata fito kutoka pori lilelile. Ugomvi wa wenyeji na wakimbizi juu ya kuni na miti ya kujengea mnaujua kuliko mimi.

Hapo ndipo nyumba ya fito na udongo inapoanza kuwa ghali bila mtu kugundua. Kukandika ni kazi njema, na wengi wa pwani yetu wamekaa katika nyumba za kukandika kwa karne nyingi. Lakini fito zilizofukiwa ardhini huliwa na mchwa, na mwenye nyumba anajikuta kila baada ya misimu michache akitafuta fito nyingine mbali zaidi ya zile za kwanza. Mtu huniuliza, si kuna mti wa mathenge? Kweli mathenge umejaa, na kuukata ni kheri kwa malisho. Ila kupata nguzo zilizonyooka katika mti uliojipinda vile na wenye miiba vile ni kazi ya siku kadhaa. Utumieni kwa uzio, kuni na makaa.

Sasa mabati. Ukuta wa mabati una wapenzi wengi Liboi, na nataka kuwatendea haki kabla sijawapinga. Mchana ni tanuri, hilo halina ubishi, lakini ukuta huo unasimama kwa siku moja, hauli maji hata kidogo, na juu ya yote unafunguliwa. Mwenye mabati ishirini ana akiba anayoweza kuiuza bati moja moja mtoto akiugua, au kuipakia kwenye gari akiambiwa ahame. Watu wa huku wameambiwa wahame mara nyingi. Mei 2016 serikali ilitangaza kwamba kambi za Dadaab zitafungwa, na Februari 2017 Mahakama Kuu ikalizuia agizo hilo. Machi 2021 likatoka tangazo jingine, na baadaye tarehe ya mwisho ikawekwa kuwa Juni 30, 2022. Mtu aliyeishi chini ya matangazo kama hayo akichagua ukuta wa kufunguliwa kwa bisibisi, msimwite mjinga.

Na kama mnadhani serikali haijali ukuta wenu umejengwa kwa kifaa gani, kumbukeni Ifo 2. Kambi hiyo iliandaliwa kupunguza msongamano wa kambi tatu za kwanza, zilizopangwa kwa watu 90,000 zikaishia kubeba mara kadhaa ya idadi hiyo. Pale zilianza kujengwa nyumba za matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine na kuchanganywa na saruji kidogo, aina inayofungamana yenyewe. Udongo ulikuwa wa palepale na mikono ilikuwa ya palepale. Serikali ikasimamisha ujenzi. Hoja haikuwa kwamba kuta ni dhaifu. Tatizo lilikuwa kwamba zilikuwa imara mno, zilifanana na makazi ya kudumu, na mkimbizi hakutakiwa aonekane amefika. Ikaja 2011 na ukame wake, wakawa wanaingia zaidi ya watu elfu moja kwa siku, wanalala pembezoni mwa kambi ndani ya buul, vibanda vya matawi na matambara, na Ifo 2 imekaa karibu tupu. Ilibidi Waziri Mkuu wa wakati ule, Raila Odinga, afike Dadaab Julai mwaka huo ndipo itangazwe kwamba itafunguliwa. Kambi hiyohiyo ilifungwa 2018 na kufunguliwa tena 2023.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo linaloamua mengi kuliko nguvu ya tofali. Ukuta ni ahadi ya kukaa, na ahadi hiyo mjenzi haitoi peke yake. Leo hali imelegea kiasi. Ipo Sheria ya Wakimbizi ya 2021, na Machi 2025 ulizinduliwa Mpango wa Shirika wenye nia ya kuzigeuza kambi kuwa makazi yaliyounganika na wenyeji. Wenyeji wa Liboi nao, ambao ni raia, wana tatizo lao. Sehemu kubwa ya ardhi ya Garissa ni ya jamii. Tangu 2016 iko sheria ya kuisajili, lakini sheria kuwepo na hati kufika mkononi ni mambo mawili. Benki haikopeshi juu ya kiwanja kisicho na hati. Kwa hiyo mtu anajenga kwa fedha za mfukoni, chumba kimoja kwa mwaka, na kifaa chochote kinachotaka fedha zote siku moja kimekwisha kumtupa nje.

Baada ya hayo, nisemapo kwamba nachagua udongo, mtanielewa kwamba sikuuchagua kwa mapenzi ya mambo ya kale. Tofali la kuchomwa naliondoa mara moja: tanuri lake linakula kuni, na kuni hatuna. Bloku za saruji ni nzuri, ila zinataka kokoto na saruji nyingi, na vyote viwili vinapanda lori. Linabaki tofali bichi la kukaushwa juani, ambalo vijana wa kambini wamelifyatua kwa miaka mingi, na tofali la kushindiliwa kwa mashine.

Mashine hii ina ukoo. Mzee wa ukoo ni CINVA-Ram, iliyobuniwa Bogotá, Kolombia, katika miaka ya 1950 na mhandisi Raúl Ramírez: sanduku la chuma, mfuniko, na mkono mrefu wa kukandamiza. Kwetu Afrika Mashariki, Dkt. Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere ni miongoni mwa waliolieneza tofali la kufungamana, lenye ulimi upande mmoja na mfereji upande mwingine, hata likahitaji chokaa ya kujengea kidogo sana. Kenya imekuwa na kiwango rasmi cha matofali ya udongo yaliyoimarishwa tangu 1993, kwa hiyo anayewaambia kwamba udongo ni kinyume cha sheria mwambieni akasome. Kanuni za ujenzi za 1968, zilizorithi fikra za Kiingereza, ndizo zilizotuzoesha kuona jiwe na saruji kuwa ndiyo nyumba na vingine vyote kuwa vibanda.

Tofali la kushindiliwa lina faida moja ambayo watu hawaitaji, nayo ni maji. Tofali bichi hufyatuliwa kwa tope, linakunywa lita mbili au zaidi kila moja. La mashine linataka udongo wenye unyevu tu: ukiufumbata mkononi unashikana, ukiuangusha unapasuka vipande vichache. Haifiki lita moja kwa tofali. Kwa nyumba ya matofali 1,200 hiyo ni tofauti ya mitungi 50 na mitungi 120 ya lita ishirini. Mahali ambapo mama anapanga foleni ya mtungi, mitungi sabini si hesabu ya kitabuni.

Tufanye hesabu ya nyumba yenyewe. Mita 6 kwa mita 3.5. Upana huo nimeupata kwenye paa: mabati ya mita 2.5 yakilazwa pande mbili kwa mteremko wa kawaida yanafunika chumba cha mita 3.5 na kuacha kama nusu mita ya kuning'inia nje kila upande. Majirani zetu wa Lamu waliijua hesabu hii zamani, vyumba vyao vya mawe ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina urefu wake, na ukuta ulilazimika kuitii. Anayejenga ukuta kwanza halafu akatafuta paa hukata mabati, na kipande kilichokatwa ni pesa iliyotupwa.

Mzunguko wa nyumba hiyo ni mita 19. Tofali la kufungamana lina urefu wa kama sentimita 29, kwa hivyo mstari mmoja unachukua matofali 65. Ukienda hadi mita 2.4 kwenda juu, ukatoa mlango na madirisha, unapata hayo 1,200. Ukiyatia saruji yote, kwa wastani wa matofali mia kwa mfuko, ni mifuko 12, mbali na ya msingi. Hapa ndipo wataalamu wengi wanapoishia, wakisema ni nafuu kuliko bloku. Ni nafuu kweli, lakini mifuko 12 Liboi bado ni mzigo.

Mimi nasema tuutazame ukuta wa udongo unavyokufa. Haufi juu. Mvua ya huku haifiki milimita 400 kwa mwaka katika mwaka wa kawaida, lakini huja kwa vishindo, ikipiga ardhi na kurusha matone ya tope kwenye sehemu ya chini ya ukuta. Halafu maji yanatuama. Novemba 2006 Ifo ilizama, nyumba za udongo zikayeyuka kuanzia miguuni. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zikarudia somo hilo. Sehemu ya juu, ikiwa paa limetokeza vya kutosha, haiguswi na kitu isipokuwa upepo. Sasa kwa nini tuilishe saruji?

Kwa hiyo: mistari sita ya chini, kama sentimita 70, iwe ya matofali yenye saruji. Katikati ukuta uwe wa matofali yaleyale, mashine ileile, bila saruji hata kijiko. Mstari wa mwisho wa juu uwe na saruji tena kwa sababu unashika paa, na waya wa kufungia kenchi ushuke mistari kadhaa ndani ya ukuta, maana upepo wa huku hung'oa. Mistari saba mara 65 ni matofali 455. Mifuko mitano. Saba imebaki dukani.

Fundi mzuri ataniuliza, na ameshaniuliza: matofali mawili yanafanana, nitayatofautishaje? Swali la haki, na hatari iko hapohapo. Lisilo na saruji likiingia chini, nyumba imekwisha. Yenye saruji yapigwe mstari wa rangi ubavuni yakiwa bado mabichi, na yapangwe upande mwingine wa kiwanja. Usiku mmoja kabla ya kujenga, tumbukiza moja la kila rundo kwenye ndoo ya maji. Asubuhi moja litakuwa tofali na jingine litakuwa uji. Mwenye nyumba afanye hivyo mwenyewe, hata kama fundi ni shemeji yake.

Udongo nao si wote unaofaa. Ondoa tabaka la juu lenye mizizi na samadi ya mbuzi. Chukua chupa ya plastiki ya maji, ijaze udongo hadi theluthi, tia maji na chumvi kidogo, tikisa, weka chini. Mchanga unatua kwa dakika moja, vumbi laini linafuata, mfinyanzi unachelewa hadi kesho. Mchanga uwe zaidi ya nusu. Mchanga mwekundu wa huku mara nyingi una shida iliyo kinyume, mfinyanzi ni haba na tofali linamomonyoka kona, basi lazima uchanganye na udongo mzito wa bondeni. Kipimo cha pili ni kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Kipake mafuta, shindilia udongo uliolowa, anika hadi ukauke kabisa, kisha sukuma vipande vyote upande mmoja upime pengo. Pengo likiwa chini ya milimita 12, sehemu moja ya saruji kwa 18 za udongo inatosha. Likikaribia sentimita 5, rudi ukaongeze mchanga.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ya yote linafanyika baada ya mashine kunyamaza. Matofali yenye saruji yanaachwa juani. Saruji inataka unyevu ili ishike, na jua la Liboi na upepo wake hunyonya unyevu huo kwa saa chache. Yafunikwe kwa nailoni kivulini, yanyunyiziwe kwa siku saba angalau, na yakae hadi siku 28 kama una subira. Tofali lililokauka kabla saruji haijashika ni udongo uliougharamia.

Kuhusu joto sitawadanganya. Ukuta wa udongo wa sentimita 14 huchelewesha joto la mchana, kisha hulitoa jioni, wakati ambapo watu wangetaka kulala. Ndiyo maana hata wenye nyumba nzuri Liboi hulala uani. Dawa yake ni matundu ya hewa juu kabisa ya ukuta, pande zote mbili, na ua wenye kivuli cha mikeka. Hapo aqal inarudi, na waulizeni akina mama wanaojua kuipinda, kwa sababu fundi wa saruji hajui. Tena mashine yenyewe ningependa ikae mikononi mwa vikundi vya wanawake. Kihistoria nyumba ilikuwa yao, kazi ya kufyatua inataka watu watano au sita wanaoaminiana, na timu ya namna hiyo ikizoea hutoa matofali mia tatu hadi mia tano kwa siku. Mashine zilizofungiwa stoo ofisini zinaota kutu.

Na msimu? Fyatueni wakati wa hagaa, baada ya mvua za gu, mabwawa ya mvua, yaani silanga, bado yakiwa na maji na anga likiwa kavu. Msimu wa jilaal ni mkavu zaidi lakini maji ya wakati huo ni ya mifugo, na hakuna tofali lenye haki mbele ya ngamia mwenye kiu.

Limebaki shimo. Nyumba yetu moja inachimba kama mita sita na nusu za ujazo za udongo, yaani shimo la mita 3 kwa 2 lenye kina cha zaidi kidogo ya mita moja. Kambini tumeona mashimo hayo yakitapakaa kati ya nyumba, yakijaa maji machafu na mbu, na watoto wakicheza ukingoni. Lakini nyumba mia moja ni mita za ujazo 650, na hiyo ni silanga ndogo. Wazee na watu wa maji wakikubaliana mapema pahali pamoja pa kuchimba, penye mteremko wa kuleta mvua, tabaka la juu lenye mchanga, mizizi ikishaondolewa, litakwenda kwenye mashine. Mfinyanzi wa chini, isipokuwa ule kidogo wa kuchanganyia, utabaki kushindiliwa sakafuni ili maji yasizame. Makubaliano hayo yafanywe kabla tofali la kwanza halijafyatuliwa, kwa sababu kila mtu akishachimba mlangoni pake hakuna atakayekubali kubeba udongo kutoka mbali.